HELB Umelipa Lakini CRB Inasema Bado Unadaiwa? Hizi Ndizo Haki Zako na Vile Utarekebishiwa Rekodi

Cheki hii form. Umemaliza campo, umesota kiasi, alafu siku moja kuna ofisi imekuita. Wanataka zile karatasi za kawaida: good conduct ya DCI, ya KRA, ya EACC, ya HELB na ya CRB. Wewe uko na amani, juu ile kazi yako ya kwanza walikuwa wanakukata HELB kila mwezi na payslip unazo. Unaomba ripoti ya CRB ukiwa umetulia kabisa. Inarudi ikisema wewe ni mdeni na hujalipa kitu miezi kumi na nne.

Hapo wasee wengi hufanya moja kati ya mambo matatu. Kuna wale huenda kulilia X. Kuna wale hulipa hilo deni mara ya pili ndio kazi isiwapite. Na kuna wale hutumia jamaa wa Telegram thao moja mia tano "awatoe CRB". Wote wamelenga mahali pasipo.

Ukweli ni kwamba sheria iko upande wako kwa hii maneno, na imeandika mpaka idadi ya siku unafaa kujibiwa. Ni vile tu hakuna mtu hukufunza hiyo siku ya kuripoti first year. Kaa chini tukupitishe mdogo mdogo.

Kwanza, nani anaandika nini?

HELB ni shirika la serikali lililoundwa kwa sheria ya mwaka wa 1995. Mkopo wako ukipita, pesa ya karo inaenda shule moja kwa moja na ile ya matumizi inakuja kwako. Ukimaliza masomo unapewa mwaka mmoja wa kujipanga, alafu unafaa kuanza kulipa. Riba ya mkopo wa digrii ya kwanza ni 4% kwa mwaka, ambayo kusema kweli ni ya chini ukilinganisha na benki au app za kukopa.

Kitu huumiza watu ni faini. Ukihesabiwa kama mtu amekataa kulipa, faini ni Sh5,000 kila mwezi. Sasa piga hesabu. Tuseme unadaiwa Sh160,000. Riba ya mwaka mzima ni Sh6,400. Faini ya miezi 12 ni Sh60,000. Hiyo ni zaidi ya mara tisa ya riba. Kwa hivyo rekodi ikikosewa, hata kama ni mtu wa kompyuta alibonyeza namba vibaya, wewe ndiye unaingia hasara ya maelfu bila kujua. Ndio maana hii si stori ya karatasi tu.

CRB nayo si mtu mmoja na si jela. Ni kampuni za kuweka rekodi za mikopo, na zenye leseni ya Benki Kuu ni tatu: TransUnion, Metropol na Creditinfo. Zinaweka mazuri na mabaya. Ukikopa na ukalipa vizuri, hiyo pia inaandikwa. So mtu akikuambia "uko CRB", muulize nimeandikwa nini huko. Karibu kila msee amewahi kukopa benki, sacco ama kwa simu yuko huko.

Na kumbuka hii: CRB haikuji kwako kuuliza kama umelipa. Inaandika kile mkopeshaji ameituma. HELB ikituma namba mbaya, CRB itaandika namba mbaya, na Fuliza ama M-Shwari zitakuangalia na hiyo namba mbaya.

Rekodi huharibikia wapi?

Kabla ugombane na mtu, jua kosa liko wapi. Mara nyingi ni moja kati ya hizi:

1. Mwajiri amekata, hajapeleka. Payslip inasema HELB Sh4,000, lakini hiyo pesa ilibaki kwa akaunti ya kampuni. Sheria inampa mwajiri jukumu la kukata na kupeleka, so hapa mwenye makosa si wewe. Lakini kwa rekodi jina ni lako.

2. Pesa ilifika bila mwenyewe. Mwajiri alituma lakini kwa ile orodha namba yako ya kitambulisho ilikosewa digiti moja. Pesa iko HELB ikielea, ama iko kwa akaunti ya msee mwingine ambaye anashangaa mbona Mungu amemkumbuka.

3. Ulilipa mwenyewe kwa simu, ukaandika namba ya kitambulisho vibaya. Hii ni ya kawaida sana kwa wale hulipa usiku wakiwa na haraka.

4. HELB inadhani ulimaliza kitambo. Ulideferi semesta mbili, ama mgomo ukasukuma kozi yenu mbele, ama ulirudia mwaka. Kama hakuna mtu aliwaambia, wao wanahesabu kutoka ile tarehe walikuwa nayo.

5. Pesa ya karo ilitumwa shule na haikukufanyia kazi. Ulikuwa umeacha shule ama umehama, lakini mkopo wa huo mwaka bado umeandikwa kwako.

6. Umemaliza kulipa, HELB inajua, lakini CRB haikuambiwa. Ama imeambiwa moja na mbili zimebaki na habari za zamani. Hii ndiyo hufanya mtu awe msafi TransUnion na mchafu Metropol siku hiyo hiyo.

7. Mtu ametumia jina lako. Fikiria ni cyber ngapi zimewahi kukujazia fomu. Ule jamaa alitengeneza barua pepe yako, akaweka password yake, na akabaki na picha ya kitambulisho chako na cha mathe kwa kompyuta yake.

8. Hesabu ya faini imepita mpaka. Mwaka wa 2022 Mahakama Kuu iliamua kwamba HELB pia inafungwa na ile kanuni ya benki kwamba riba na faini zikijumlishwa hazifai kupita deni lenyewe lililokuwa limebaki wakati uliacha kulipa. So ukiona ulibaki na Sh100,000 na sasa unadaiwa Sh400,000, hiyo ni hesabu ya kuuliza.

Sheria inakupa nini hasa?

Anza na Katiba ya 2010, juu hiyo ndiyo mkubwa wa wote. Kifungu cha 31 kinalinda faragha yako. Alafu kuna kifungu cha 35(2), ambacho watu hawakiongelei sana. Kinasema kila mtu ana haki ya kurekebishiwa au kufutiwa habari zisizo za kweli au za kupotosha ambazo zinamwathiri. Hiyo haijaandikwa kwa matajiri pekee. Deni la uwongo kwa jina lako ni habari isiyo ya kweli inayokuathiri. Period.

Ya pili ni Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019. Hii inasema mtu yeyote anayeweka habari zako, awe serikali ama kampuni, lazima ahakikishe ni sahihi na zimeenda na wakati, na zikiwa na makosa zirekebishwe ama zifutwe bila kuchelewa. Inakupa haki ya kuambiwa habari zako zinatumika kufanya nini, kuziona, kukataa zitumike kwa njia fulani, na kurekebishiwa ama kufutiwa zile za uwongo.

Kanuni za hiyo sheria, za mwaka wa 2021, zimeweka siku:

- Ukiomba kuona data yako, wanafaa kukupa ndani ya siku 7, na ni bure.
- Ukiomba irekebishwe, wanafaa kushughulikia ndani ya siku 14. Wakikataa, wanafaa kukuandikia sababu.

Ya tatu ni kanuni za CRB za mwaka wa 2020, zilizo chini ya Benki Kuu. Hizo zinakupa haya:

- Ripoti moja ya bure kila mwaka kutoka kwa kila CRB. Wako tatu, so hiyo ni ripoti tatu bure kwa mwaka.
- Cheti cha clearance cha kwanza ni bure. Kama ndio unaanza kutafuta kazi na mtu anakuitisha pesa ya hicho cha kwanza, uliza maswali.
- Notisi kabla ya kuandikwa vibaya. Mkopeshaji anafaa kukutumia notisi ya siku 30 kwamba anataka kupeleka jina lako. Hiyo ndiyo nafasi yako ya kusema "ngoja, nimelipa, hii hapa".
- Deni la chini ya Sh1,000 halifai kukuchafulia jina.
- Haki ya kupinga. Ukiandikia CRB kwamba kitu fulani si kweli, wanafaa kuuliza aliyeleta hiyo habari na kuweka alama kwamba inapingwa, ndio anayesoma ripoti ajue kuna kesi.

Kile sheria haitakufanyia

Hapa lazima tuambiane ukweli, juu TikTok imejaa mawakili wa nyumba kwa nyumba.

Sheria ya Ulinzi wa Data haifuti deni la kweli. Kama ulikopa, ukamaliza shule, ukapata kazi, na ukaamua kulenga HELB miaka mitano, huwezi kuwaandikia "naondoa idhini yangu, futeni data yangu". Wao hawategemei idhini yako pekee. Kuna mkataba uliosaini na kuna sheria inayowataka wakudai. Ombi kama hilo litarudi na "hapana", na faini itaendelea kutembea.

Pia ukilipa leo deni ambalo kweli lilikuwa limekwama, historia haipotei kesho. Rekodi inabadilika kusema umelipa, lakini ile stori ya kuchelewa hukaa kwa miaka mitano baada ya kumaliza kulipa. Tofauti ni kubwa bado: "alichelewa, amelipa" si sawa na "anadaiwa". Mkopeshaji mwenye akili anajua kusoma hizo mbili.

Kwa hivyo swali la kujiuliza kabla uanze vita ni moja. Hii kitu imeandikwa ni uwongo, ama ni ukweli siupendi? Kama ni uwongo, twende kazi. Kama ni ukweli, ruka mpaka sehemu ya wale hawana doh.

Hatua kwa hatua

*Hatua ya 1: Kusanya kila kitu wiki moja.* Ingia kwa akaunti yako ya HELB upakue taarifa ya mkopo, ile inaonyesha ulipewa lini, ngapi, na malipo gani yameingia. Ukishindwa na mtandao, HELB wako na dawati kwa Huduma Centre, na ofisi kuu iko Anniversary Towers, Nairobi. Omba ripoti za CRB zote tatu. Alafu toa payslip zako, meseji za M-Pesa, taarifa za benki, na barua yoyote ya shule kuhusu kudeferi ama tarehe ya kumaliza.

Fanya hii yote wiki moja ndio tarehe zifanane. Ukipata ripoti ya Januari na taarifa ya Juni, watakuambia hizo ni stori mbili tofauti.

*Hatua ya 2: Panga mwezi kwa mwezi.* Chukua karatasi, chora safu tatu: kilichokatwa, kilichofika HELB, kilichoandikwa CRB. Pale safu hazilingani ndipo kosa lilizaliwa. Kama imekatwa na haijafika, tatizo ni mwajiri ama namba ya kitambulisho. Kama imefika HELB na CRB haijui, tatizo ni ile habari haikutumwa. Kama hata HELB yenyewe ina tarehe mbaya ya kumaliza shule, tatizo ni hapo.

*Hatua ya 3: Andika.* Usipige simu peke yake. Simu haina ushahidi, na yule dada mzuri alikuongelesha leo kesho yuko likizo. Barua pepe inatosha. Kanuni za 2021 ziko na fomu maalum za kuomba kuona na kurekebisha data, na ukizijaza ni poa zaidi. Lakini hata barua ya kawaida inaweza kuwa hivi:

"Kwa HELB, Afisa wa Ulinzi wa Data.
Mimi ni [jina kama lilivyo kwa kitambulisho], kitambulisho namba [namba], niliyesoma [shule] kuanzia [mwaka] hadi [mwaka].
Rekodi yangu inaonyesha sikulipa kuanzia [mwezi] hadi [mwezi]. Hiyo si kweli. Nilikatwa Sh[kiasi] kila mwezi na [mwajiri]. Nimeambatisha payslip [idadi] na taarifa ya benki.
Kwa mujibu wa kifungu cha 35(2) cha Katiba na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, naomba: moja, mnipe nakala ya rekodi yangu yote, mbili, mrekebishe malipo hayo na kuondoa faini iliyotokana nayo, tatu, mzijulishe CRB zote mlizozitumia habari hiyo, nne, mnithibitishie kwa maandishi.
Natarajia nakala ndani ya siku 7 na marekebisho ndani ya siku 14.
Tarehe, saini."

Tuma nakala kwa CRB yenye kosa ukiwaambia wazi kwamba unapinga hiyo habari. Kama mwajiri yumo ndani, tuma kwa HR pia. Ukituma kwa wote siku moja, hakuna mtu ataweza kukwambia "hiyo si sisi, uliza wale wengine".

Kitu kimoja: kwa viambatisho, funika kile hakihitajiki. Payslip inaweza kuonyesha makato ya HELB bila kuonyesha mkopo wako wa sacco. Huwezi pigania faragha ukimwaga maisha yako yote kwa barua pepe moja.

*Hatua ya 4: Hesabu siku.* Andika tarehe ulituma. Siku ya 15 ikifika na hakuna kitu, tuma ukumbusho mfupi ukiweka ile barua ya kwanza chini yake. Usitukane. Hiyo barua inaweza kusomwa na mtu wa juu siku moja, na unataka wewe ndio uonekane mtu mzima.

*Hatua ya 5: Peleka mbele.* Wakikunyamazia ama wakikataa bila sababu, nenda kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, ODPC. Kamishna wa kwanza, Immaculate Kassait, aliapishwa mwaka wa 2020. Ofisi iko Britam Tower, Upper Hill, lakini malalamiko unaweza kuweka kwa mtandao wao bila kupanda mat. Huhitaji wakili. Sheria inataka malalamiko yachunguzwe na kumalizwa ndani ya siku 90.

ODPC inaweza kuamuru rekodi irekebishwe. Inaweza pia kupiga faini ya mpaka Sh5 milioni ama 1% ya mapato ya mwaka ya kampuni, ile iliyo ndogo. Na kama umepata hasara juu ya hiyo data, sheria inakupa haki ya kudai fidia.

Kama shida yako ni CRB yenyewe kukataa kufuata kanuni, Benki Kuu ndiyo inawapa leseni, so malalamiko yanaweza kwenda huko. Kama ni ofisi ya umma imekuzungusha tu, kuna Tume ya Haki ya Utawala, wale watu huita Ombudsman.

*Hatua ya 6: Hakikisha.* Ukiambiwa "imerekebishwa", usisherehekee bado. Itisha ripoti mpya, kwa zote tatu. Kosa moja kurudi ni kitu hutokea, hasa kama mwajiri bado anatuma orodha ile mbaya kila mwisho wa mwezi.

Wakianza kupigia mathe simu

Kuna deni, na kuna kuaibishwa juu ya deni. Hizo ni vitu mbili.

Kama mtu alisaini kuwa mdhamini wako wa HELB, anaweza kuulizwa. Alisaini, na ndio maana unafaa kumheshimu kwa kulipa. Lakini hakuna sheria inaruhusu mkopeshaji yeyote, ama hao madalali wa madeni, kuchomoa namba kwa simu yako na kutumia ex wako, landlord na kamati ya harusi meseji kwamba hulipi.

Hii si nadharia. Septemba 2023, ODPC ilipiga kampuni ya Mulla Pride, wenye app za KeCredit na Faircash, faini ya Sh2,975,000. Kosa? Kutumia majina na namba za watu walizopata kwa wengine kutumia watu meseji na simu za vitisho. Waliolalamika walikuwa wananchi wa kawaida, wenye simu za kawaida, waliohifadhi zile meseji badala ya kuzifuta kwa hasira.

So ukitumiwa upuzi, usifute. Piga picha ya skrini, weka tarehe, na yule mtu alipokea hiyo meseji pia aweke yake. Yeye pia anaweza kulalamika, juu ile namba ni yake.

Na ukinyimwa mkopo na app bila mtu yeyote kuangalia, yaani mashine imeamua peke yake, sheria hiyo hiyo inakuruhusu kuomba uamuzi uangaliwe upya.

Jichunge na wale wa kuosha CRB

Hakuna mtu ana kifutio cha CRB. Hakuna "beshte yangu ndani ya Metropol". Rekodi inabadilika kwa njia mbili pekee: mkopeshaji atume habari mpya, ama kosa lithibitishwe na lirekebishwe. Zote unafanya mwenyewe kwa bure ama kwa pesa kidogo.

Yule jamaa wa Telegram anachotaka ni kitambulisho chako, picha ya uso wako na PIN. Ukimpa hizo, next time ukiitisha ripoti utapata mikopo mitatu hujawahi ona. Vile vile kodi za simu na viungo vya kuangalia CRB, chukua kwa tovuti ya kampuni yenyewe. Usichukue kwa meseji imetumwa na namba ya 07 ikisema "ndugu mteja".

Kama kweli huna kitu

Wasee wengi wanaosoma hii hawadaiwi kimakosa. Wanadaiwa na hawana kazi. Hiyo si aibu, na kujificha ndiyo inafanya iwe mbaya. Faini inakimbia mtu aliyenyamaza.

Andikia HELB uwaambie hali yako na uombe mpango wa kulipa kidogo kidogo. Iwe kwa maandishi na ubaki na nakala. Angalia pia zile ofa za msamaha wa faini, juu HELB imewahi kuzitoa kwa wale wako tayari kumaliza deni. Ofa ikikuja na wewe uko na taarifa yako ya mkopo imepangwa, utajua haraka kama hesabu yao iko sawa kabla ulipe.

Uko campo bado? Fanya hivi leo

- Ingia kwa akaunti yako mwenyewe. Kama barua pepe na password ni za cyber, badilisha leo.
- Angalia jina na namba ya kitambulisho, herufi kwa herufi, digiti kwa digiti.
- Kila pesa ikiingia, pakua taarifa. Folda moja kwa Google Drive inatosha miaka minne yote.
- Ukideferi, ukirudia ama ukihama shule, waambie HELB wewe mwenyewe kwa barua. Usingoje ofisi ya dean.
- Ukibadilisha namba ya simu, ibadilishe pia huko. Ile notisi ya siku 30 ikienda kwa laini uliyotupa, wao watasema walikutumia.
- Siku ya kwanza kazini, mpe HR namba yako ya kitambulisho kwa maandishi na uwaulize HELB itaanza kukatwa lini. Baada ya miezi mitatu, ingia uangalie kama imefika.

Hiyo ya mwisho inachukua dakika tano. Makato ya miezi mitatu yakipotea, HR bado yuko na ule mtu bado anafanya payroll. Ukingoja miaka mitatu, kampuni inaweza kuwa imefungwa, na utabaki wewe na zile payslip zako mkipigania nafasi ya kazi.

So leo jioni kabla uingie Netflix, itisha ripoti moja tu ya CRB, ile ya bure. Ukipata ni safi, lala. Ukipata kuna kitu hukijui, iko na tarehe, iko na kiasi, iko na jina la aliyeileta. Anzia hapo. Na kama kuna beshte yako huwa anasema "mimi HELB nitalipa nikiomoka", mtumie hii mapema.